Seli za insulini huchoka kabla hazijafa

Ukitoka kliniki na karatasi inayosema sukari kabla ya kula ni 9.4 mmol/L, hutakosa jirani wa kukuambia kongosho lako limekwisha. Kwa kisukari aina ya pili kilichogunduliwa karibuni, hiyo si kweli. Seli za beta, zile zinazotengeneza insulini, nyingi bado zi hai. Kinachoziangusha ni mazingira zinamofanyia kazi, na mazingira hayo yanabadilika, hasa miaka ya mwanzo.

Adui wa kwanza ni sukari yenyewe. Insulini ni protini, na kabla ya kutolewa lazima ikunjwe sawasawa ndani ya seli. Damu ikishinda na kulala na sukari nyingi, seli hazipati nafasi ya kupumua. Insulini nyingine hukunjwa vibaya, hurundikana, na seli huanza kupunguza kazi au hata kujiua. Isitoshe, seli hizi zina vimeng'enya vichache vya kujikinga na kemikali kali za oksijeni zinazozalishwa glukosi ikichomwa kwa wingi. Adui wa pili ni mafuta: ini likijaa mafuta huyamwaga kwenye damu, na mengine huishia kwenye kongosho. Kuna pia uvimbe wa ndani kwa ndani unaoletwa na seli za kinga, ila huo kwa kawaida hupungua uzito ukishuka.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni jaribio la DiRECT la Uingereza, lililochapishwa Desemba 2017. Watu waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka 6 walikula kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishiwa chakula polepole. Baada ya mwaka mmoja, 46% sukari yao ilikuwa imetulia bila dawa. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, walikuwa 86%. Usiuige mlo huo peke yako. Washiriki wa jaribio hilo, dawa zao zilisimamishwa na madaktari siku ya kwanza. Ukila hivyo huku unameza glibenklamidi au unajidunga insulini, sukari inaweza kushuka hadi uzirai.

Cha kuanza nacho leo ni kikombe. Vijiko vitatu vya sukari kwa chai, vikombe vinne kwa siku, ni karibu gramu 48. Ongeza soda moja ya mililita 300 na umefika gramu 80 kabla hujagusa chakula. Halafu sahani: nusu iwe mboga (osuga, mrenda, sukuma), robo iwe samaki, omena au maharagwe, na ugali usizidi ngumi yako. Anza na mboga na samaki, ugali uje mwisho. Sukari haipandi kwa kasi ile ile. Ugali wa wimbi au mtama ni afadhali kidogo, lakini ukijaza sahani hujafanya lolote. Na uji wa wimbi ambao wagonjwa huhimizwa wanywe kama dawa? Ni unga laini uliokwisha kuiva, unaingia kwenye damu haraka sana. Kikombe kidogo, bila sukari, basi.

Baada ya chakula cha jioni tembea dakika 15. Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi bila kuhitaji insulini nyingi, kwa hiyo seli za beta zinapunguziwa mzigo pale pale. Kujua kama una mafuta ya tumboni, pima urefu wako kwa uzi, ukunje mara mbili, uzungushe kiunoni. Uzi usipofika, unayo.

Usiache dawa kwa kuwa umeanza kutembea. Elewa tu tofauti zake: metformini hufanya kazi zaidi kwenye ini, ilhali glibenklamidi huzilazimisha seli za beta kutoa insulini, umekula au hujala. Ndiyo maana anayeimeza akiruka mlo hutetemeka na kutoka jasho. Sukari yake ikipimwa chini ya 4, mpe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asinyweshwe, akimbizwe hospitali. Na daktari akiandika sindano ya insulini mapema, usiione kama hukumu. Insulini ya nje huzipa seli zako nafasi ya kupumzika.

Pima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Nawa mikono kwa sabuni, ukaushe: kidole chenye maji ya embe kinaweza kukupa namba ya kutisha bure. Kopo la stripu, vile vipande vya kupimia sukari, lifungwe mara moja, lisiachwe dirishani kwenye joto la Kisumu.

Kuna jambo moja la ukanda wa Ziwa Victoria, ambako selimundu (sickle cell) ni ya kawaida, ambalo hutajwa kwa nadra. Kipimo cha HbA1c huhesabu sukari iliyogandamana na damu kwa miezi miwili au mitatu. Mwenye ugonjwa wa selimundu, chembe zake nyekundu hufa mapema, hivyo namba hutoka ndogo kuliko hali halisi. Upungufu wa damu nao unaweza kuipotosha. Kama una selimundu, au unajua unabeba vinasaba vyake, mwambie daktari kabla ya damu kutolewa, na umpelekee daftari la vipimo vyako vya nyumbani.