Kwa boti Ghuba ya Orosei: uliza upepo kwanza, ufukwe baadaye

Watu wakiniuliza waende fukwe gani Sardinia, huwa nawauliza na mimi: upepo unatoka wapi? Kisiwa hiki cha Italia hupigwa sana na maestrale, upepo mkali wa kaskazini-magharibi, na ukishika kasi, fukwe za magharibi hazifai kwa boti ndogo. Siku hiyohiyo Ghuba ya Orosei, upande wa mashariki, inaweza kuwa shwari kwa sababu milima inaikinga. Upepo ukigeuka ukaja wa mashariki, mawimbi yanaingia ghubani moja kwa moja na huna pa kujibanza. Kwa hiyo usilipie boti mapema kwa sababu ya picha tu. Subiri utabiri, au kodi kwa mtu anayekubali kukuhamishia siku.

Sisi huondokea Cala Gonone, mji mdogo wa bandari kwenye ghuba hii. Sheria ya Italia inamruhusu mwenye miaka 18 kuendesha bila leseni boti yenye injini isiyozidi nguvu-farasi (HP) 40, karibu na pwani. Hapo wanakodisha boti za mpira zenye turubai la kivuli, na anayekodisha anakuonyesha jinsi ya kuwasha injini na kutia nanga. Msikilize, hata kama umekulia baharini. Hasa kama umekulia baharini! Sisi wa Tanga na Unguja tumezoea maji kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua tofauti inapita mita 3. Huku bahari hupanda na kushuka kidogo mno. Raha yake ni kwamba ufukwe hauondoki na maji. Ubaya wake, boti ikikwama mchangani hakuna maji ya kujaa yatakayokuja kuinyanyua. Mtashuka msukume.

Nanga itie penye mchanga, pale chini panapong'aa. Madoa meusi mnayoyaona ni posidonia, majani ya bahari yanayokua polepole mno, ambamo samaki huzalia. Nanga huyang'oa, na mara nyingi haishiki vizuri juu yake. Legeza kamba ya kutosha, angalau mara tatu ya kina cha maji, kisha mmoja abaki akitazama jabali fulani ufukweni kuhakikisha boti haitembei. Wengine waruke majini.

Ondokeni asubuhi. Sababu si msongamano peke yake, ingawa Julai na Agosti boti za abiria huja kwa foleni. Fukwe hizi zinatazama mashariki na nyuma yake kuna majabali marefu, hivyo alasiri jua hujificha nyuma ya mlima, kivuli kikafunika ufukwe na ile rangi ya maji mliyoifuata ikafifia. Kwa hiyo nashauri kuanza na Cala Mariolu, iliyo mbali, halafu mrudi taratibu hadi Cala Luna. Mariolu ni kokoto nyeupe za mviringo, nzuri kwa macho lakini za mateso kwa miguu, kwa hiyo chukua viatu vya majini. Cala Luna ni pana, ina mapango makubwa upande wa kaskazini, na mwenye njaa atapata mgahawa nyuma ya ufukwe. Kwangu fukwe tatu kwa siku zinatosha. Kundi linalotaka saba huishia kukaa ndani ya boti likigombania chupa ya maji.

Cala Goloritzé ni habari nyingine. Maporomoko ya mawe ya mwaka 1962 ndiyo yaliyoufanya ufukwe huu, na juu yake limesimama jabali la Aguglia, mita 143, wanalolipanda wapanda miamba. Boti za injini haziruhusiwi kufika ufukweni. Mnabaki nje ya maboya, na anayetaka kukanyaga kokoto zake aogelee au aje kwa miguu kutoka uwanda wa Golgo. Kabla ya safari ulizeni wazi nani anaogelea kwa uhakika na nani "anajua kidogo". Huyo wa kidogo avae jaketi la kuokolea, na asichekwe. Safari moja rafiki yetu alikaa botini na kofia yake huku sisi tukiogelea kwa zamu, naye ndiye aliyepiga picha zote nzuri.

Fedha zizungumzwe nchi kavu. Bei ya kukodi kwa kawaida haina mafuta. Hayo hulipwa mkirudi, kwa kadiri mlivyotumia, na anayependa kwenda kasi anawaongezea bili nyote. Mteueni nahodha mmoja, asiyekunywa siku hiyo, na neno lake likubaliwe akisema mawimbi yameanza kukua na mrudi. Na msibebe mchanga wala kokoto kama kumbukumbu: tangu 2017 faini Sardinia ni kati ya euro 500 na 3,000, na mizigo hukaguliwa bandarini na uwanja wa ndege.