Shotigani ya risasi moja ni gobore?

Msomaji anauliza: kaandika makala kuhusu zile shotigani za bei poa za Marekani, zile unatia risasi moja unafyatua ndo utie nyingine, halafu mhariri wake kabadilisha kila mahali kaweka "gobore". Ni sahihi?

Hapana, sio sahihi kabisa, na ningekuwa wewe ningemrudishia. Gobore linashindiliwa mdomoni yani unamimina baruti, unatia risasi, unasukuma kwa mdeki mpaka chini. Hizo za viwanda vya Harrington & Richardson wa kule Worcester, Massachusetts, au Iver Johnson, unaikunja katikati, mtutu unainama, unachomeka risasi kwa nyuma, unafunga, basi. Ilikuwa bei rahisi sababu haina mambo mengi, mtutu mmoja nyundo moja hakuna magazini, mkulima wa Marekani alikuwa anaagiza kwa posta kwenye katalogi ya duka la Sears mpaka sheria ya 1968 ilipozuia bunduki kuuzwa kwa njia hiyo.

Najua mkanganyiko unatoka wapi lakini. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika, zikaruhusiwa zile za gumegume tu, yani za kushindilia zinazowashwa kwa cheche za jiwe, kwahiyo watu wetu wengi walibaki na za kushindilia wakati wenzao huko Marekani wameshahamia za kukunja, hata vita ya Maji Maji 1905 wapiganaji wengi waliokuwa na bunduki walishika magobore. Ndo maana mtu akisikia bunduki ya kufyatua mara moja, ya mtu wa hali ya chini, kichwani linamjia gobore. Ila jina limefuata jinsi inavyojazwa, halikufuata bei wala idadi ya risasi.

Sasa uandike nini? "Shotigani ya mtutu mmoja" haitoshi, maana hata zile za kukoki kwa kuvuta mkono mbele na nyuma zina mtutu mmoja na zinabeba risasi kadhaa. Mi ningeandika "shotigani ya risasi moja". Kuna watakaokubishia kwamba ile risasi ndani imejaa marisau kibao, ni kweli, lakini mwindaji mwenyewe akihesabu anahesabu risasi, hahesabu punje. Ukitaka Kiswahili kitupu, "bunduki ya marisau" ipo, itumie tu bila wasiwasi.

Na upatanisho uwe makini: shotigani hii, shotigani hizi, ila gobore hili, magobore haya.