Nyuklia umeme wa bei chee? Hapana aisee
Wewe unayesema nyuklia ni bei chee kisa inakula urani kidogo tu kama mafuta yake, urani sio shida kaka, shida ni kuijenga. Cheki mtambo wa nyuklia wa Flamanville 3 kule Ufaransa, walianza kuujenga 2007 wakasema 2012 umeisha kwa yuro bilioni 3.3, ukaja kuingia kwenye gridi Desemba 2024 na gharama ishafika kama bilioni 13, na hao Wafaransa wana mitambo zaidi ya 50, sio wageni wa hii kazi! Bado taka, zinabaki na mionzi maelfu ya miaka, hiyo bili ya kuzilinda nani analipa? Watu wa Uyombo kule Kilifi, Kenya, wanaotegemea uvuvi waliandamana 2024 kukataa mtambo wa nyuklia kujengwa kwao, na mi siwalaumu hata kidogo.