Jibu: Maji yanapita tu, mmea unanyauka

Ndugu, umeuliza kwa nini ukimwagilia chungu chenye pitimosi (mabaki ya mimea ya kinamasi yanayotumika kama udongo wa kupandia) maji yanatokea chini papo hapo, na mmea bado unanyauka. Hapo udongo haujashiba, umeyakataa maji. Pitimosi yenye unyevu hushika maji mara kadhaa ya uzito wake, lakini ikikauka kabisa huwa kama imepakwa nta. Tone linakaa juu kama shanga, kisha linateremkia kwenye upenyo kati ya udongo uliosinyaa na ukuta wa chungu. Chomeka kidole katikati, utakuta vumbi tupu.

Kikalishe chungu ndani ya beseni la maji vuguvugu kama nusu saa, mpaka mapovu yakome. Kinyanyue: kikiwa kizito, kimekunywa. Kiache kichuruzike.

Siku ukibadilisha udongo, mimi ningechanganya vumbi la makumbi ya nazi. Hata likikauka hulowana tena bila ubishi. Lisuuze kwanza lakini, maana mengine huja na chumvi (niliwahi kuunguza miche kwa uvivu huo). Vipande vya magome havishiki maji mengi; vyenyewe ni vya kupitisha hewa. Halafu usishindilie.