Mbunge kauliza, jibu limetoka, boma bado halina bati

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu waliosikiliza maswali na majibu ya Bunge redioni wakabaki na hasira. Mimi nilikuwa katibu wa afya kwenye halmashauri mpaka nikastaafu, kwa hiyo najibu kama mtu aliyekuwa akipokea simu kutoka Dodoma.

*Shikamoo mama. Kijiji chetu kiko mwambao wa kusini mwa Kigoma. Boma la zahanati tumelijenga wenyewe, mawe tumesomba kwa mitumbwi, limefika kwenye lenta. Mwaka jana mbunge wetu aliuliza Bungeni ni lini Serikali itatumalizia. Naibu Waziri akajibu kwamba fedha zitatengwa kadri zitakavyopatikana. Mpaka leo hata bati moja hatujaliona. Mjamzito akizidiwa usiku tunachangishana mafuta ya boti. Hapa kijijini wengine wanasema mbunge kafanya kazi yake, wengine wanasema katuchezea. Hivi jibu la Waziri si ahadi ya Serikali?* — Msomaji wa mwambao

Marahaba baba. Ni kauli ya Serikali, na imeandikwa kwenye Hansard, yaani taarifa rasmi ya Bunge. Ila ndani yake hamna hela. Hela inatoka kwenye bajeti, bajeti inapitishwa kabla ya Juni 30, na hata ikishapitishwa bado kuna kazi ya fedha zenyewe kutolewa na kufika kwenye akaunti.

Nikueleze swali linavyosafiri. Mbunge anaandika, Ofisi ya Bunge inapeleka wizarani. Wizara haijui boma lenu, itajuaje? Inauliza mkoa, mkoa unamuuliza mkurugenzi wa halmashauri, mkurugenzi anamrushia mganga mkuu wa wilaya karatasi imeandikwa "majibu leo hii". Hapo ndipo sisi tulikuwa tunavuta faili. Kwa hiyo yale anayosoma Naibu Waziri saa tatu asubuhi kule Dodoma, kwa sauti nzito na "kama ifuatavyo", mara nyingi yametoka kwenye kabati la halmashauri yenu wenyewe. Faili likiwa na jina la kijiji na neno "lenta" tu, jibu litakuwa hilo mlilolisikia. Hakuna mchawi.

Na swali lenyewe lilisaidia jibu kuwa hivyo. "Je, ni lini Serikali itamalizia" ni sawa na kumuuliza mdeni wako atalipa lini. Atakwambia nikipata. Mbunge aliyejiandaa anauliza kitu ambacho lazima kijibiwe kwa tarakimu: je, zahanati ya kijiji fulani imo kwenye bajeti ya halmashauri ya mwaka huu wa fedha, kwa kiasi gani, kiasi gani kimeshapokelewa, na kilichobaki kimekwama wapi? Hapo mkurugenzi hawezi kuandika "kadri". Atalazimika kufungua vitabu. Kama boma halimo kabisa kwenye bajeti, napo patajulikana, na lawama itahama kutoka Dodoma irudi kwa madiwani, ambao nao wana mengi ya kujibu. Mbunge mwenyewe ni mjumbe wa baraza hilo la madiwani. Msimwache akajifanya mgeni.

Halafu kuna maswali ya nyongeza. Mwenye swali hupewa mawili, na utamu wote uko hapo, kwa sababu Naibu Waziri hajaandikiwa majibu yake neno kwa neno. Wabunge wengi wanayachoma moto. La kwanza linatumika kusema "pamoja na majibu mazuri ya Serikali", la pili linakuwa "je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami kwenda kujionea?" Naibu Waziri husema yuko tayari. Amepata kusema hapana nani? Wa kwenu angesimama akasema: jibu linataja fedha kupatikana, lakini halmashauri hiyohiyo mwaka huu imepeleka fedha kwenye boma fulani lililoanza baada ya hili, ni kigezo gani kilitumika? Swali la namna hiyo linawafanya watu wa wilayani wasilale.

Wakati nao una maana. Madiwani wanapitisha bajeti ya halmashauri mapema mwaka, kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili. Swali la Novemba au la mwishoni mwa Januari linakuta vitabu havijafungwa, mtu anaweza kuchomeka mstari. La Juni linakuta kila kitu kimeshagawanywa.

Jingine, na hili wananchi wengi halijawaingia: kuezeka si kufungua. Nimeona zahanati imepakwa rangi, ina bango, popo ndio wapangaji. Inataka choo, maji, kichomea taka, nyumba ya mtumishi, usajili, vifaa, dawa za kuanzia kutoka Bohari ya Dawa, na zaidi ya yote inataka watu. Mganga na muuguzi hawaajiriwi na kijiji, vibali vya ajira vinatoka Utumishi. Basi mkimpa mbunge swali, mpeni na hayo. Bati peke yake halizalishi mtu.

Umeuliza kama aliwachezea. Sidhani. Alikwenda Dodoma mikono mitupu, na nyinyi mkamwachia aende hivyo. Itisheni mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandike boma lilianza lini, limefika wapi, mmechanga kiasi gani, kituo cha karibu kiko umbali gani kwa boti na boti inakula lita ngapi. Upigwe mhuri. Nakala moja kwa diwani, moja kwa mkurugenzi, moja kwa mbunge. Siku simu ya wizara ikipigwa, yule anayevuta faili akute kitu.

*Mama, naomba unieleweshe. Mbunge akiuliza daktari bingwa wa hospitali ya mkoa anajibiwa na Wizara ya Afya. Akiuliza kituo cha afya anajibiwa na TAMISEMI. Hospitali ni za nani?* — Msomaji, Kasulu

Za wawili. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo TAMISEMI, yaani wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Maweni kwetu Kigoma na Kitete kule Tabora, zilihamishiwa Wizara ya Afya mwaka 2017. Sera na miongozo ya tiba inabaki Afya kwa zote. Mchezo huu uko kwingine pia: barabara ya kwenda shambani kwako ni ya TARURA, chini ya TAMISEMI, ile kuu ni ya TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Jengo la shule na mwalimu wa shule ya msingi ni TAMISEMI, mtaala ni Elimu. Swali likipelekwa kusiko linageuka mpira wa kupigiana pasi.

*Bomba la maji ya Ziwa Victoria limepita jirani na kijiji chetu, lakini sisi tunachota bwawani na ng'ombe. Mbunge aulize nini?* — Msomaji, Nzega

Aulize kilomita. Kauli iliyorudiwa sana Bungeni ni kwamba vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kila upande wa bomba kuu vipate maji. Pimeni umbali wenu, hata kwa pikipiki, muuandike. Swali liende Wizara ya Maji, na nakala ya barua iende kwa meneja wa RUWASA wa wilaya, maana tangu Julai 2019 maji ya vijijini yako mikononi mwao. Mkisema tu "tuna shida ya maji" mtaambiwa upembuzi yakinifu unaendelea.

*Mbunge wetu hajawahi kusimama kuuliza. Tufanyeje mpaka uchaguzi?* — Msomaji, Urambo

Ibara ya 63 ya Katiba inampa kila mbunge nafasi ya kumuuliza Waziri jambo lolote la umma lililo katika wajibu wake, haimfungi kwenye jimbo. Wa viti maalumu wa mkoa wenu anaweza kuuliza. Wa jimbo la jirani anaweza kudandia kwa swali la nyongeza siku kikijadiliwa kituo cha afya cha kwao, mkiwa mmempa maelezo mapema. Mwandikieni mmoja wao, na nakala mpeni huyo wenu aliyenyamaza. Ataisoma.