Kabla ya maneno matamu, angalia shuka kwanza: kwa manesi mnaoanza wodini

Swali ninaloulizwa sana na manesi wapya ni hili, mgonjwa akianza kulia nimwambie nini? Jibu langu huwa linawakera kidogo maana wanategemea niwape maneno, mi nawaambia kwanza kaangalie kama shuka yake haijalowa. Sitanii jamani. Nimekaa wodini muda mrefu, nikaanzia upasuaji nikaja kuhamia kwa wenye magonjwa sugu, na nilichokiona ni kwamba mgonjwa anafarijika na vitu viwili, mwili wake ukitulia na akijua nini kinakuja mbele yake. Maneno mazuri yanafuata baadae na mara nyingi wala hayahitajiki.

Mwili kwanza. Hakuna mtu anayefarijika huku kibofu kimejaa, huku kanula, ule mrija mdogo wa dripu uliochomekwa mshipani, inamvuta mkono kila akijigeuza, huku mdomo umekauka mpaka ulimi unanata. Yule mnayemwita msumbufu, anayebonyeza kengele kila baada ya muda mfupi, kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba ni msumbufu mpitie kuanzia juu mpaka chini: ana kiu, ana maumivu, anasikia baridi, amelalia ubavu huo tangu saa ngapi, mpira wa mkojo umejikunja chini ya paja? Wazee ndo zaidi. Mzee mchana alikuwa mzima anaongea vizuri, usiku anachanganyikiwa anang'oa dripu anataka kushuka kitandani, wote mnakimbilia kumshika mikono, kumbe ukifuatilia hajapata choo siku kadhaa, au mkojo umeziba, au miwani yake na kifaa cha kusikilizia viko kwenye droo kwahiyo haoni vizuri na hasikii halafu watu asiowajua wamemzunguka wanamkandamiza. Hata mimi ningepiga kelele. Mvalishe miwani, mwekee kifaa chake, washa taa, mwambie yuko wapi na ni saa ngapi, na daktari aambiwe mapema maana kuchanganyikiwa ghafla kunaweza kuwa dalili ya maambukizi au dawa imemkataa.

Kuogesha mtu kitandani kazi hii wengi wanaidharau, wanaona ni ya kuwapa wanafunzi wamalize haraka haraka. Mimi naipenda kuliko zote. Vuta pazia, maji yawe ya moto wa kuvumilika na ubadilishe yakipoa, funua sehemu unayoiosha tu, osha, kausha, funika, ndo uhamie nyingine, na kila unapotaka kumgusa mwambie kabla. Mtu mzima kuoshwa na mtu mwingine ni jambo zito, hata kama anakuchekea ujue ndani yake kuna kitu kinamsumbua. Na hapo ndo utasikia mambo ambayo hakumwambia daktari kwenye raundi, kwamba anaogopa kufa, kwamba mwanae hajampigia simu, kwamba vidonge vile vyeupe amekuwa akivificha kwasababu vinamtapisha. Nadhani ni kwasababu hamtazamani usoni, wewe unashughulika na mgongo wake naye anaongea na ukuta, inakuwa rahisi. Basi usimkatishe. We endelea kuosha tu.

Kumgeuza asiyeweza kujigeuza, mazoea ya wodi nyingi ni kila masaa 2, lakini usigeuze kwa kufuata saa peke yake, angalia ngozi. Visigino, nyonga, pale chini mwisho wa mgongo. Kwenye ngozi nyeupe utaona wekundu ambao hauondoki ukibonyeza, kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usiuone kabisa kwahiyo tumia mkono, sikilizia kama pana joto kuliko pembeni au pamekuwa pagumu, na muulize kama panauma. Kidonda cha kulalia kinaanza kimya kimya na kikishafunguka kinamtesa mtu kwa wiki nyingi.

Maumivu sasa. Kile kipimo cha 0 mpaka 10 mnachomuuliza mgonjwa anaumwa kiasi gani mnakijua, shida ni kwamba mgonjwa akisema 8 huku anachezea simu mnaangaliana mnacheka. Msifanye hivyo. Margo McCaffery, nesi wa Marekani, aliandika mwaka 1968 kwamba maumivu ni vile anavyosema mwenye nayo na yapo pale anaposema yapo, na mpaka leo sijaona kanuni iliyonisaidia kazini kuishinda hiyo. Watu wenye maumivu ya muda mrefu wanachezea simu ili wasiyafikirie, wengine ndo wanapiga stori na utani kabisa. Na kama una dresingi ya kidonda kikubwa panga dawa ya maumivu kabla, vidonge haviwahi kufanya kazi ukimpa halafu hapohapo ukaanza kubandua bandeji, vipe kama nusu saa mpaka saa nzima kutegemea na dawa yenyewe. Hapo umemfariji na hujatamka neno.

Jambo la pili ni kujua kinachokuja, na linaanzia kwenye jina lako. Kuna daktari wa Uingereza aliitwa Kate Granger, alikuwa na saratani, mwaka 2013 akiwa amelazwa akagundua wengi wanaomhudumia hawajitambulishi, mtu anakuja anafanya kazi yake kwenye mwili wako anaondoka hujui hata ni nani. Akaanzisha kampeni ya kuwahimiza wahudumu wa afya waseme majina yao, ikasambaa sana, na yeye alifariki mwaka 2016. Kitu kidogo hivyo lakini jaribuni muone uso wa mgonjwa unavyobadilika. Mama shikamoo, naitwa fulani, niko na wewe mpaka asubuhi. Basi, ameshajua usiku huu ana mtu.

Halafu mwambieni ukweli wa kitakachotokea. Sindano inauma, sema inauma, itachukua muda kidogo, nitahesabu mpaka tatu, ukitaka nisimame niambie. Hasa watoto! Ukimdanganya mtoto mara moja kwamba haiumi basi nesi yeyote atakayekuja baada yako analipia deni lako, mtoto akiona nguo za kazi tu ameshaanza kulia. Na lile neno letu "nakuja sasa hivi" mimi nimeliacha. Nasema nina mtu namfunga kidonda, nikimaliza nakuja kwako, kama dakika 20. Na dakika 20 zikiisha sijamaliza nachungulia mlangoni nasema bado kidogo sijakusahau. Mtu aliyelala kitandani hana cha kufanya zaidi ya kuhesabu hizo dakika, kwahiyo kwake ahadi yako ni kubwa kuliko unavyofikiri.

Kuhusu kumwambia mgonjwa "usijali utapona tu". Najua mnasema kwa moyo mzuri. Lakini Florence Nightingale, nesi maarufu wa Uingereza, tangu mwaka 1859 alishalalamika kwamba wagonjwa wanachoshwa na watu wanaowapa matumaini ya juu juu na kuufanya ugonjwa uonekane mdogo, akasema pia mnong'ono ndani ya chumba cha mgonjwa ni ukatili maana mgonjwa lazima ataweka masikio asikie kama anasemwa yeye. Miaka yote hiyo na bado tunanong'ona mlangoni na faili mkononi! Ukimwambia utapona umemfunga mdomo, ataanzaje tena kukwambia anaogopa? Mimi nauliza tu, kinachokusumbua zaidi leo ni nini? Nakaa. Kukaa kwenyewe kunasaidia, dakika mbili umekaa kwenye kiti mgonjwa anaziona ndefu kuliko dakika tano umesimama umeshika kitasa.

Daktari akishatoa habari mbaya akaondoka, wewe usiondoke naye. Subiri. Muulize ameelewa nini, maana mara nyingi amesikia neno la kwanza tu mengine yote yamepita hewani, na atakuuliza wewe saa 8 usiku swali ambalo aliogopa kumuuliza daktari. Jibu unachokijua kilicho ndani ya kazi yako, usichokijua sema nitamuuliza daktari asubuhi, na umuulize kweli. Kama analia mwache alie. Wengine wanataka kushikwa mkono, wengine hawataki kabisa kuguswa, uliza au usome mwili wake.

Na kwa wale ambao hawaponi tena, Cicely Saunders ndo nawaambia wamsome. Alianza kama nesi, mgongo ukamsumbua, akawa mtu wa ustawi wa jamii hospitalini, mwisho akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi, yaani mahali pa kuwatunza wasiopona tena, ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa sio ya mwili peke yake, yamo ya moyoni, ya familia na ya kiroho, na ukitibu moja ukaacha mengine dawa inaonekana haifanyi kazi. Nimeliona hili kwa macho yangu, mtu dozi inaongezwa bado anahangaika, kumbe anataka kuongea na mdogo wake waliyegombana. Tukampigia simu. Dawa iliendelea kama kawaida ila usiku ule alilala.

Asiyeongea tena, mzungumzie vile vile kama anasikia. Mwambie unamgeuza, mwambie nani amekuja kumuona, lainisha midomo yake, na msipigiane stori za mishahara juu ya kitanda chake.

Wewe mwenyewe je? Uchovu wa huruma, yaani moyo kuchoka kwa kubeba mateso ya wengine kila siku, upo, sio udhaifu, na dalili yake ya kwanza kwangu huwa ni pale naanza kuita watu kwa namba za vitanda na kengele ikilia nakasirika kabla sijajua ni ya nani. Ukifika hapo ongea na mkuu wa wodi, badilishana wagonjwa na mwenzako kwa zamu moja mbili, nenda kanywe maji, toka nje. Usijifanye jiwe.

Kingine, kwenye kukabidhi zamu msitaje presha na dripu tu. Semeni pia huyu anaogopa giza mwachieni taa ya bafuni, huyu sikio la kushoto ndo linasikia, yule mama kengele yake iwekwe mkono wa kulia kwasababu wa kushoto hauna nguvu. Andikeni kabisa kwenye faili, maana kwa mdomo inasahaulika kabla hata hamjamaliza kupokea ripoti.