Pweza wa kuchoma kutoka mgumu

Dada yangu wa Mikindani, umesema pweza wa kilo moja na nusu ulimweka mbichi juu ya mkaa, akatoka mgumu kama kandambili. Mkaa hauna kosa. Nyama ya pweza imejaa kolajeni, yaani nyuzi ngumu zinazoishikilia nyama, na moto mkali wa dakika 10 hauilainishi, unaikaza tu.

Mchemshe kwanza. Toa matumbo, wino na mdomo, msugue kwa chumvi mpaka ute uishe, msuuze vizuri. Mtie kwenye sufuria bila maji, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau. Chumvi usiongeze, bahari imeshamkoleza. Baada ya dakika 45 chomeka kijiti cha mshikaki pale mkono unapoungana na kichwa. Kikipita bila kusukumwa, epua. Akipitiliza, ngozi inachubuka na vile vikombe vya mikononi vinadondoka ukimgeuza.

Mwache apoe humohumo, kisha mkaushe kwa kitambaa, maana akiwa na maji hashiki rangi. Mpake mafuta, kitunguu saumu, ndimu na pilipili. Mkaa mwekundu usio na moshi, dakika 2 au 3 kila upande.

Ile supu usiimwage jamani! Itie tui zito, ule na ugali wa muhogo.